Namba ya Rubani ni Jambo la Abiria Pia

Wiki ya Krismasi ndege za kutoka Dar es Salaam kuja Songwe hujaa mapema. Watu wanarudi nyumbani, Tukuyu, Kyela, Mbozi, Chunya, na wapo wanaoshukia hapo wakaunganisha gari mpaka Makete. Abiria huwaza nauli, uzito wa mizigo na ukungu. Wachache hujiuliza kwa nini asubuhi ile ya sikukuu ni rubani huyu aliyeiacha familia yake na si yule mwingine, au kwa nini yeye anarusha ndege ya pangaboi wakati mwenzake yuko kwenye Boeing kuelekea Mumbai. Katika mashirika mengi ya ndege duniani jibu halitokani na kipaji wala bidii. Linatokana na tarehe aliyoajiriwa.

Marubani wenyewe hulizungumza jambo hili kila siku, kwa sababu ndilo linaloamua wanalala wapi, wanalipwa nini na wanawaona watoto wao lini. Sisi tunaopanda ndege zao huku Nyanda za Juu Kusini hatuligusi, kana kwamba ni siri ya ofisi. Mimi naona linatuhusu. Orodha ya ukongwe kazini, yaani ya nani aliajiriwa kabla ya nani, ni kinga ya abiria, na anayetaka kuiondoa aje na kinga nyingine yenye nguvu kuliko hiyo. Lakini ikiachwa ifanye kazi peke yake, humsukumia rubani mchanga kazi nzito kuliko zote, na kazi hiyo nzito ndiyo inayohudumia viwanja vya mikoani.

Tuutazame mfumo huu pale ulipokomaa zaidi, Marekani. Huko kuna mashirika ya kikanda kama SkyWest, Republic, Envoy na Endeavor, yanayorusha ndege ndogo kwa niaba ya wakubwa: Delta, American, United. Ndege hizo hazizidi viti 76, na kikomo hicho hakikuwekwa na serikali. Kimo kwenye mikataba ya marubani wa mashirika makubwa, waliotaka kuzuia kazi zao zisihamishiwe kwa wenzao wanaolipwa kidogo. Viti 76, kwa bahati tu, ndiyo idadi ya pangaboi za Dash 8-400 za Air Tanzania tunazozifahamu hapa.

Rubani anapoingia darasa la kwanza la mafunzo ya shirika, anapewa namba. Walioingia siku moja hutenganishwa kwa umri au kwa kura, kila shirika na utaratibu wake. Kuanzia hapo namba yake inapanda pale tu aliye juu yake anapostaafu, anapoacha kazi au anapopoteza cheti cha afya. Hakuna bosi wa kumpandisha akawapita wenzake, na hakuna bosi wa kumshusha.

Namba hiyo ndiyo inayompa au kumnyima kituo atakachoanzia safari zake, aina ya ndege, kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha rubani msaidizi, na ratiba ya mwezi. Ratiba hupangwa hivi: kila rubani hupeleka maombi yake kwenye programu ya kompyuta. Anataka Jumapili awe nyumbani, hataki kuanza alfajiri, anapenda safari za siku nne au za siku moja moja. Kompyuta inaanza na mkongwe kuliko wote, inampa alichoomba kadiri inavyowezekana, kisha inashuka kwa anayemfuata, hivyo hivyo mpaka chini. Wa chini wanagawiwa kilichobaki. Na walio chini zaidi hawapati hata ratiba: wanakaa akiba, simu mkononi, mizigo imefungwa, wakitakiwa kufika uwanjani ndani ya saa mbili hivi wakiitwa. Mwezi mzima unaweza kupita rubani hajui kesho ataamka wapi.

Asiyeijua kazi hii hushangazwa na jambo moja. Ukongwe hauhesabiki kwa shirika zima tu. Unahesabika ndani ya kiti, ndege na kituo ulichochagua. Rubani msaidizi aliyekaa miaka sita kwenye kiti cha kulia anaweza kuwa karibu na kilele cha wasaidizi wenzake: anachagua safari, analala kwake, anahudhuria ubarikio wa mwanawe. Siku akikubali ukapteni anakuwa wa mwisho miongoni mwa makapteni. Mshahara unapanda, naye anarudi kukaa akiba, huenda katika mji mwingine kabisa. Ndiyo maana wapo wanaokataa kupanda cheo. Mwaka 2023, United, shirika kubwa lenye mishahara ya kutamanika, lilikuwa na nafasi nyingi za ukapteni zilizokosa waombaji. Mtu anayedhani kila mfanyakazi hukimbilia cheo hawezi kulielewa hilo. Aliyewahi kulea watoto akiwa kwenye zamu ataelewa mara moja.

Sasa kwa nini nausifu mfumo unaowatesa wachanga namna hii? Anayesafiri barabara ya TANZAM anajua mambo yalivyo kwenye mabasi. Basi jipya likiingia, tajiri ndiye anayeamua nani alishike. Dereva aliyehangaika na gari chakavu miaka minane kati ya Dar na Tunduma anaweza kupitwa na shemeji wa tajiri. Na dereva aliyekataa kuondoka stendi kwa sababu tairi ni kipara anaweza kukuta wiki inayofuata gari lake limepewa mwingine, yeye ameambiwa awe deiwaka. Hakufukuzwa, hakuandikiwa barua, hana pa kushtaki. Amenyimwa gari tu. Madereva wenzake wakiona hivyo, wanajifunza kunyamaza.

Kapteni anayekaribia Songwe wakati wa mvua hukutana na uamuzi wa aina hiyo hiyo. Uwanja ule ulianza kutumika Desemba 2012 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani uliobanwa na mji wa Mbeya, na kila mwenyeji anajua ukungu unavyoweza kuifunika njia ya kurukia. Kapteni akigeuza na kurudi Dar, shirika linapoteza mafuta, abiria wanalalamika na ratiba ya siku nzima inavurugika. Pale ambapo mkuu wa ratiba ndiye anayegawa ndege na siku za mapumziko kwa hiari yake, kugeuza ndege kuna bei ambayo rubani atailipa baadaye, kimyakimya. Pale ambapo namba ndiyo inayogawa, mwezi ujao kapteni huyo atapata anachostahili kwa namba yake, awe aligeuza mara moja au mara tano. Hilo ni jambo kubwa. Abiria halioni, lakini limekaa naye kwenye ndege.

Kazi ya rubani pia haina kipimo rahisi cha ubora. Mwalimu ana matokeo ya wanafunzi, muuzaji ana mauzo. Rubani hodari ni yule ambaye safari yake haikuwa na habari ya kusimulia. Anapimwa kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, anafaulu au anafeli, na waliofaulu wote wanahesabiwa kuwa sawa. Ukianza kuwapanga kwa "utendaji", utapima nini? Mafuta waliyookoa? Safari walizofika kwa wakati? Vipimo hivyo vyote vinamvuta rubani kwenye kufanya haraka na kubeba mafuta kidogo, na hapo ndipo mtu mwenye busara hataki rubani avutwe. Chama cha marubani wa Marekani, ALPA, kilianzishwa mwaka 1931, na mwaka 1936 sheria ya kazi ya reli ikaongezwa ili ihusu mashirika ya ndege pia. Katika mikataba iliyofuata, ukongwe ukawa ndio mhimili. Waliopigania hilo walikuwa wameona kapteni akisukumwa kuruka kwenye hali mbaya ya hewa, naye akiogopa kusema hapana.

Kinga hiyo ina gharama, na gharama yenyewe haigawanywi sawa.

Mkongwe akichagua kwanza, huchagua ndege kubwa, safari ndefu chache kwa mwezi, na mchana. Zinazobaki ni ndege ndogo, alfajiri, usiku, sikukuu, na siku zenye kupaa na kutua mara nne au tano. Sasa fikiria ugumu uko wapi. Ndege kubwa ya masafa marefu hupaa mara moja, ikakaa juu ya mawingu saa nyingi, ikatua kwenye uwanja wenye vifaa vyote. Pangaboi la mikoani linapaa na kutua tena na tena, linaruka chini kwenye mawingu yenyewe, linaingia viwanja vyenye vifaa vichache. Nyanda zetu ziko juu: Songwe ni zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na Nduli ya Iringa ni zaidi ya mita 1,400. Hewa ni nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi kupaa, na milima iko karibu. Kwa miaka mingi abiria wa Iringa walitegemea Cessna Caravan yenye injini moja. Kwa marubani wengi wa nchi hii ndege ya namna hiyo ndiyo mahali pa kuanzia kazi.

Sisemi kwamba rubani kijana ni hatari. Ana leseni, amepimwa, na mara nyingi anakumbuka vitabu vizuri kuliko mkubwa wake. Ninachosema ni kwamba mfumo unaompa mkongwe haki ya kuchagua, kwa hesabu yake yenyewe, unapeleka uzoefu mwingi kwenye kazi nyepesi na uzoefu kidogo kwenye kazi nzito. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ndivyo chaguo la watu wengi wenye akili timamu linavyojumlishwa.

Marekani walilipa damu kabla ya kulitazama hilo sawasawa. Tarehe 12 Februari 2009 Dash 8-400 ya shirika la kikanda la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi walikuta kapteni alijibu vibaya onyo la ndege kupoteza mwendo. Ndege haikuwa na hitilafu. Lakini mjadala ulipofunguka, watu wakaanza kuuliza marubani wale walilala wapi. Kituo chao kilikuwa Newark. Kapteni alikuwa akiishi Florida. Rubani msaidizi alikuwa ametoka Seattle, upande wa pili wa nchi, akisafiri usiku kucha kama abiria ili awahi kazini. Mchanga hachagui kituo. Anapewa kilichobaki, na mshahara wake ukiwa mdogo hawezi kupanga nyumba katika mji ule. Hivyo anasafiri kwenda kazini umbali ambao wengine huuita safari ya likizo, kisha anaanza zamu.

Bunge la huko likapitisha sheria mwaka 2010. Kuanzia 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria alitakiwa kuwa na cheti cha juu, ambacho kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kuruka. Mwezi Januari 2014 zikaanza kanuni mpya za mapumziko: saa 10 kati ya zamu na zamu, ndani yake kuwe na nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Kikomo cha zamu kikawa kati ya saa 9 na 14, na kinapungua kadiri unavyoanza alfajiri na kadiri unavyopaa na kutua mara nyingi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho ninachokithamini zaidi. Kwa mara ya kwanza sheria ilikiri kwamba siku ya safari tano fupi si sawa na siku ya safari moja ndefu, hata kama saa zinalingana.

Kuna kanuni nyingine ya huko, ya zamani zaidi, ambayo haivumi. Marubani wawili wote wageni kwenye aina ya ndege hawaruhusiwi kukaa pamoja: angalau mmoja awe ameshafikisha saa 75 za safari za kazi kwenye aina hiyo. Na rubani msaidizi akiwa chini ya saa 100, kapteni asiye mkaguzi wa marubani anatakiwa apae na kutua mwenyewe kwenye mazingira magumu, kama mwonekano hafifu au upepo mkali wa ubavuni. Hapo orodha ya ukongwe inakutana na ukuta. Chagua unachotaka kwa namba yako, lakini haya hayachaguliki.

Kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu usafiri wa anga unakua kwa kasi. Kati ya 2016 na 2023 Air Tanzania ilipokea Dash 8-400, kisha Boeing 787-8, Airbus A220-300, ndege ya mizigo 767 na 737 MAX 9. Kila ndege kubwa inapoingia katika shirika lolote, mlolongo unaanza. Kapteni wa ndege ya kati anahamia kubwa, wa pangaboi anahamia ya kati, rubani msaidizi wa pangaboi anakuwa kapteni, na nafasi yake inajazwa na aliyekuwa kwenye Caravan. Kila hatua ina majuma ya mafunzo na simuleta, na kwa muda kila mtu ni mgeni kwenye kiti chake. Ukuaji huo ni wa kufurahisha, na sisi wa kusini tumefaidika nao. Ila kila mlolongo huo unapopita, ugeni unajikusanya kwenye ngazi za chini, na ngazi za chini ndizo zinazoruka mikoani.

Kwa hiyo ningependa mamlaka yetu ya usafiri wa anga, TCAA, na mashirika yenyewe yaweke wazi kwa umma kanuni wanazotumia kuwaoanisha marubani, hasa wanaokuja Songwe, Songea na Iringa miezi ya mvua. Wabunge wa mikoa yetu wamekuwa wakiuliza bungeni juu ya taa za uwanja na nauli, na wamefanya vizuri. Waulize na hili. Kapteni mpya kwenye aina ya ndege anaruka na nani? Rubani aliyeamka saa tisa usiku anaruhusiwa kutua mara ngapi siku hiyo? Maswali hayo hayamdhalilishi rubani. Yanampa nguvu ya kusema amechoka.

Sikukuu nazo zinafaa kutenganishwa na orodha. Yapo mashirika nje ya Marekani yanayozungusha kipaumbele: mwezi huu kundi hili linachagua kwanza, mwezi ujao kundi lile. Kwa ratiba ya kila siku sipendekezi hilo moja kwa moja, maana mkongwe naye aliwahi kuwa mchanga na anastahili kuvuna alichovumilia. Lakini Idi, Krismasi na Pasaka zingezungushwa kwa wote bila kujali namba, mtu asingekaa miaka saba mfululizo bila kula sikukuu na wazazi wake huko Rungwe au Mufindi.

Limebaki tatizo ambalo hata Marekani hawajalimaliza: namba haihami na mtu. Kapteni wa miaka ishirini akihamia shirika lingine anaanza chini kabisa, nyuma ya kijana aliyeajiriwa juzi. Mwaka 2020, janga la korona lilipoua safari, mashirika ya kikanda Compass na Trans States yalifungwa Aprili, ExpressJet likasimama Septemba, na namba za watu waliotumikia miongo zikafutika pamoja nayo. Kabla ya hapo, American ilipolinunua shirika la TWA mwaka 2001, marubani wengi wa TWA waliwekwa mkiani mwa orodha, na wimbi la kupunguza wafanyakazi baada ya Septemba 11 likaanzia mkiani. Ilibidi sheria ya mwaka 2007 iseme kwamba mashirika yakiungana, orodha ziunganishwe kwa haki. Nafuu nyingine imepatikana kwa mikataba: marubani wa Envoy, Piedmont na PSA, yanayomilikiwa na American, huhamia shirika mama kwa zamu ya ukongwe wao. Hata hivyo wanapofika huko, namba ni mpya.

Hapa nchini mashirika ni machache, na tumeshaona yakija na kuondoka. Fastjet ilileta nauli nafuu Mbeya, na kufikia mwisho wa 2018 ilikuwa imesimama. Kanuni zetu za utendaji bora kazini za mwaka 2007 nazo zinataja "wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka" kuwa kigezo kimojawapo cha kupunguza wafanyakazi. Ukiunganisha mambo hayo mawili unaona jinsi kapteni mwenye uzoefu anavyofungwa. Akiona mambo hayaendi sawa kwenye shirika lake, kuondoka kunamrudisha chini kabisa, tena mahali ambapo atakuwa wa kwanza kutolewa hali ikiwa mbaya. Wengi watabaki, na anayebaki kwa kukosa pa kwenda huwa mgumu kusema.

Njia ipo, na haihitaji kuvunja orodha ya mtu yeyote. Mgeni mwenye uzoefu aingie mwisho kwa upande wa ratiba na kuchagua ndege, kwa sababu hiyo ni haki ya waliotangulia. Lakini mshahara wake na idadi ya siku zake za likizo vihesabiwe kwa saa zake za kuruka na miaka yake ya ukapteni, popote alipozipatia, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wa hali bora wa kila shirika linaloruka ndani ya nchi.